Msomaji wa Tatu

Bwana Mizani alikuwa anakuja Jumatano, na tangu Jumatatu kijiji cha Masyeto kilikuwa hakina raha.

Jina hilo alipewa na watu. Lake la Kijerumani lilikuwa refu, halikukaa mdomoni mwa mtu, na kwa kuwa alitembea na mizani ndogo ya shaba ndani ya kisanduku cha mbao, wakaona hilo linamtosha. Kazi yake ilikuwa kupima. Alizunguka shule za misheni kutoka ufukweni mwa ziwa mpaka chini ya milima, akapima madawati kwa utepe, akahesabu vichwa vya watoto, akawasikiliza wanaosoma, akapima dawa iliyobaki sandukuni na kuilinganisha na iliyoandikwa daftarini. Kisha aliandika, akafunga kitabu chake, akaenda zake. Alichokwisha kuandika hakikufutika.

Ilikuwa miaka mitatu kabla ya vita vya Wajerumani na Waingereza, mwishoni mwa kiangazi. Mwaka uliotangulia Bwana Mizani alikuwa ameiona shule ya Masyeto kuwa dhaifu, akaipa mwaka mmoja tu. Safari hii angechagua wasomaji watatu: mvulana, msichana, na mwanamke mwenye mume. Wakisoma wote watatu, shule inabaki. Akishindwa mmoja, shule inafungwa, na sanduku la dawa linarudishwa kituo kikubwa, ng'ambo ya mto Lufilyo.

Sanduku hilo ndilo lililomnyima Angetile usingizi.

Lilikuwa sanduku la bati, la kijani, lenye kufuli. Ndani mlikuwa na dawa ya vidonda, vitambaa vyeupe vya kufungia, na chupa nene ya kwinini. Mwalimu Ezra alilifungua kila Jumanne na Ijumaa baada ya masomo, watu wakaja na vidonda vyao na homa zao. Kabla sanduku halijaja Masyeto, Angetile alikuwa amezika mtoto wake wa kwanza, msichana aliyetetemeka kwa homa siku nne na ya tano akanyamaza. Wa pili, Tuntufye, alikuwa sasa na miaka miwili. Homa ilikwisha kumkamata mara mbili, na mara zote mbili kwinini ilimrudisha. Kwa hiyo Angetile alipolitazama sanduku lile hakuona bati. Aliona mwanawe.

Na msomaji wa tatu alikuwa yeye.

Hakuna aliyekuwa na shaka. Wanawake wenye waume waliojiandikisha shuleni walikuwa wanne, nao walisoma alasiri, watoto wakishaondoka. Bwana Mizani alikuwa na desturi ya kumchagua yule aliyehudhuria siku nyingi kuliko wenzake, na Angetile alikuwa hajakosa hata siku moja. Tena ndiye pekee kati ya wanne aliyejua kusoma. Macho ya Mwalimu Ezra yalikuwa yameanza kuingia ukungu, basi hata daftari la dawa aliliandika Angetile: jina la mgonjwa, ugonjwa, kipimo alichopewa.

Shida yake ilikuwa aibu. Mbele ya watu sauti yake ilijificha.

"Wewe ukisoma unanong'ona kama mtu anayeiba ndizi," Veronika alimwambia Jumatatu ile, wakiwa wanne wamepiga magoti wanasiriba sakafu ya shule kwa udongo na samadi. Veronika alikuwa jirani yake na rafiki yake, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika mashamba mawili. "Bwana Mizani ataweka sikio, asisikie kitu, aandike: huyu ni bubu."

"Nitapaza sauti."

"Paza sasa tukusikie."

Angetile akafungua kinywa, akafunga, akacheka huku ameinamia udongo. Wenzake wakaangua kicheko.

"Basi nisome mimi," Veronika akasema. Akachukua kipande cha ubao, akakishika kama kitabu, akakunja uso. "'Hapo mwanzo palikuwa na mama Andrea, na mama Andrea alikuwa na njaa.'"

"Umekishika kichwa chini miguu juu!"

"Hata nikikigeuza ni yale yale kwangu, ndugu yangu. Mimi nakuja hapa kupumzika na jembe. Wewe ndiye tunayekutegemea." Kisha akaacha mzaha, akasema polepole, "Andrea wangu naye anakunywa kutoka sanduku lile. Usitutupe, mama Tuntufye."

Mwalimu Ezra alikuwa mlangoni akiwasikiliza. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyezoea kufikiri jambo mpaka mwisho wake kabla hajalisema.

"Shahidi nimempata," alimwambia Angetile. "Boma limeagiza pawepo mzee wa kijiji, ashuhudie, aweke alama kitabuni. Nimemwomba Mzee Mwaisumo wa kule mtoni. Si ndugu wa mume wako kwa upande wowote. Nimeuliza mara mbili."

"Ndaga fijo, mwalimu," Angetile alishukuru, na kweli alishukuru, maana hilo lilikuwa limemkaa moyoni asijue namna ya kulisema.

Wanyakyusa wana mwiko wanaouita kutila. Mwanamke aliyeolewa hamtazami baba wa mumewe, wala hakai naye mahali pamoja, wala hatamki jina lake. Akimwona njiani huingia majanini, akachutama na kujifunika nguo kichwani mpaka mzee apite. Mzee naye hufanya sehemu yake: hukohoa kabla ya kufika, hupita njia ya mbali, hageuki. Angetile alikuwa ameolewa miaka sita, na katika miaka hiyo alikuwa anajua kikohozi cha baba mkwe wake, Mzee Mwakibinga, alijua mlio wa fimbo yake, lakini kama angeulizwa uso wake ukoje asingeweza kusema. Na kila mwanamke aliambiwa siku ya kuingia nyumbani kwa mumewe: ukivunja kutila, hutaumwa wewe. Ataumwa mtoto wako. Atakonda, atatoweka mikononi mwako.

Jumatano asubuhi, kijana wa Mzee Mwaisumo alimkuta Ezra akifagia uwanja. Shemeji wa mzee alikuwa amekufa usiku, na mzee alikuwa amekwisha kwenda mazishini. Mazishi hayasubiri Mzungu.

"Lakini mzee anasema usiwe na wasiwasi," kijana alisema. "Amepita kwa rafiki yake amemwomba amshikie nafasi. Atakuja."

"Rafiki gani?"

Kijana hakujua. Ezra akataka kuuliza zaidi, lakini kengele ya mpagazi wa mbele ilikuwa imesikika kwenye migomba, na Bwana Mizani alikuwa anaingia uwanjani na askari mmoja na wapagazi wawili, saa nzima kabla ya wakati.

Hakuwa mtu mbaya. Hilo Angetile alilisema hata baadaye, watu wote walipomlaani Mzungu huyo. Alikuwa mzee kidogo, mwenye shingo iliyoungua na jua, na alipowaona watoto wamejipanga alivua kofia. Alipima madawati, akasema ni mafupi lakini yanatosha. Alihesabu watoto: arobaini na mmoja. Kisha akaketi mezani, akaeleza kwa Kiswahili kilichonyooka kwa nini yeye ni mkali.

"Nimefika shule moja, sitaitaja. Mtoto alisoma ukurasa mzima bila kukosea. Nikageuza kitabu, akaendelea kusoma. Alikuwa amekariri. Shule nyingine, msichana alisoma vizuri sana, mpaka nilipogundua kaka yake yuko nje, nyuma ya ukuta, anamnong'oneza. Kwa hiyo mimi nachagua msomaji, nachagua ukurasa, na hakuna mtu anayesimama nje. Wote ndani."

Akaanza na dawa. Alifungua mizani yake, akaipima kwinini kwa uangalifu kama mtu anayepima dhahabu, huku shule nzima imenyamaza. Akalinganisha na daftari. Akapima tena. Akaitikia kwa kichwa, na uso wake ukalainika.

"Mwalimu, shule kumi na moja nimepita mwaka huu. Hii ndiyo ya kwanza ambayo chupa na daftari vinasema neno moja."

Ezra aliinamisha kichwa. Angetile, aliyekaa dawati la mwisho na Tuntufye mgongoni kwa Veronika kando yake, alihisi joto likimpanda usoni. Mwandiko ule ulikuwa wake.

Mvulana akaitwa, akasoma. Msichana akaitwa, akasoma, akakwama kwenye neno moja, akalirudia, akalipata. Bwana Mizani akaandika mara mbili.

"Angetile."

Alisimama. Alipita katikati ya madawati hadi mbele, akapewa kitabu kimefunguliwa ukurasa ambao hakuwahi kuufikia. Akautupia jicho: ulihusu mkulima na shamba lake. Maneno yote aliyajua. Roho yake ikatulia ghafla, kama maji yanavyotulia mtungini. Akavuta pumzi.

"Shahidi yuko wapi?" Bwana Mizani akauliza. "Hawa wawili nimewasikiliza bila shahidi. Huyu wa mwisho lazima shahidi awepo."

"Huyu hapa amefika, Bwana," askari akasema kutoka mlangoni, akasogea pembeni kumpisha.

Fimbo ikagonga sakafu. Mtu akakohoa.

Angetile alikijua kikohozi kile kabla hajafikiri. Nguo ilikuwa tayari kichwani, magoti yalikuwa tayari chini, kitabu kilikuwa kimeanguka. Mzee Mwakibinga alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake, mlangoni, na mlango wa shule ile ulikuwa mmoja tu.

Mzee naye aliganda. Alikuwa amekuja kumshikia rafiki nafasi. Alijua mkamwana wake anasoma misheni, lakini alijua pia kwamba wanawake husoma alasiri, na sasa ilikuwa asubuhi. Hakuna aliyemwambia kwamba siku ya kupimwa wote hukaa pamoja. Akageuka atoke.

"Kaa!" Askari akamshika bega. Alikuwa mtu wa pwani, hakujua mila za huku. "Umeitwa kushuhudia. Unakimbilia wapi?"

"Niachie, mwanangu. Siwezi kukaa hapa."

"Utakaa."

Mzee, mwenye mvi kichwa kizima, akakalishwa kwenye kigoda. Alipoona hana njia akageuza uso ukutani, akaweka paji la uso kwenye udongo, kama mtoto aliyeadhibiwa. Watoto walianza kulia mmoja mmoja bila kujua kwa nini.

"Kuna nini?" Bwana Mizani akauliza.

Ezra akaeleza. Alieleza vizuri, kwa adabu, tangu mwanzo mpaka mwisho. Bwana Mizani alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Basi mzee atoke, asimame nje, asikilize kupitia ukuta," Ezra akaomba.

"Nimesema nini kuhusu watu wa nje ya ukuta?"

"Huyu si wa kunong'ona, Bwana. Hata kusoma hajui."

"Wote huniambia hivyo." Hakusema kwa hasira. Alitoa saa mfukoni, akaiweka mezani. "Nampa dakika tano. Anaweza kusoma akiwa amejifunika, sitamzuia. Nataka sauti tu."

Chini ya nguo kulikuwa na mwanga mdogo, na kitabu kilikuwa pale pale kilipoangukia, kimefunguka. Angetile aliweza kuyaona maneno. *Mkulima aliamka mapema.* Yalikuwa mepesi mno, maneno hayo. Alisikia saa ikigonga mezani. Alisikia pumzi za mzee ukutani. Alijua akinyamaza sanduku linaondoka, na sanduku ni Tuntufye. Alijua akisema, sauti yake itaingia masikioni mwa baba mkwe, mahali pamoja, ndani ya nyumba moja, na atakayelipia ni Tuntufye. Akatafuta njia ya tatu, hakuiona. Akafungua kinywa. Nyuma kabisa, mgongoni kwa Veronika, mtoto akaita, "Mama!"

Kinywa kikafunga.

"Soma, ndugu yangu," Veronika alisikika akisema kwa sauti ya kukatika. "Soma tu."

Dakika tano ziliisha. Bwana Mizani akachukua kalamu.

"Bwana," Ezra akasema, na sasa upole ulikuwa umemtoka, "anajua kusoma! Daftari ulilolisifu la dawa, ni yeye ameliandika. Kila mstari ni mkono wake!"

Kalamu ikasimama. Bwana Mizani akalitazama daftari, akamtazama mwanamke aliyejikunyata sakafuni, akamtazama mwalimu. Taratibu ule ulaini ukauacha uso wake.

"Unaniambia kwamba asiyeweza kusoma mstari mmoja ndiye aliyeandika daftari hili?"

"Anaweza, Bwana, ila..."

"Basi ama kuhusu daftari umenidanganya, ama kuhusu mwanamke." Akakivuta kitabu chake, akapiga mstari. "Mwalimu, mimi sina mahali pa kuandika sababu. Nina mahali pa aliyesoma na mahali pa asiyesoma. Ukurasa wa mkwe sikupewa."

Sanduku la bati liliondoka siku ile ile, kichwani kwa mpagazi. Wiki mbili baadaye Ezra naye akahamishwa.

Wapo majirani waliomlaani Angetile kwa sanduku kuondoka, lakini lililomuumiza kuliko laana ni sifa. Mama mkwe wake, Tusekile, mwanamke mkavu asiyetoa neno jema bure, alimletea kuku jike.

"Mzee ametuma," alisema. "Anasema katika watu wote wa pale ndani, mwenye akili ulikuwa wewe. Kwenye pombe amesimama, amewaambia wenzake: mke wa mwanangu ana adabu, mbele ya Mzungu na bunduki hakunivunjia heshima."

"Ndaga, mama," Angetile alisema, akampokea kuku kwa mikono miwili, akaenda kulia nyuma ya nyumba.

Veronika hakumtania tena. Walipokutana mtoni walisalimiana, "Ugonile," "Ndaga," wakateka maji, kila mmoja akashika njia yake.

Mvua za kwanza zilikuja kwa kishindo, kama zinavyokuja siku zote katika nchi ile. Mpunga ukashika. Mito ikajaa, na mbu wakajaa pamoja nayo. Ambilikile, mumewe Angetile, alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya boma kwenda Neu-Langenburg milimani na hakuwa amerudi. Ndipo asubuhi moja Tuntufye akakataa uji.

Mchana alikuwa moto kama chungu kilichotoka kuchomwa. Angetile alijua kila hatua ya homa ile, maana alikuwa ameiandika mara nyingi katika daftari. Alijua hata kipimo. Kilichokosekana ni kitu chenyewe tu. Akamfunga mtoto mgongoni, akashika njia ya Lufilyo. Alipofika mtoni akakuta maji ya rangi ya udongo yanabeba migomba mizima, na mwenye mtumbwi akamkatalia.

"Peke yangu naweza kujaribu. Na mtoto mgonjwa, katika mvua hii? Ukimvusha atakuwa maiti ng'ambo. Mrudishe, mkaushe."

Akarudi. Tusekile akaja na majani ya kuchemsha, akamwogesha mjukuu wake, akamkanda, akafanya yote aliyofundishwa na mama yake. Jioni akatoka nje, na Angetile akasikia anaongea na mtu upande wa pili wa migomba, sauti za chini chini. Kisha akasikia mlio wa fimbo ukiondoka haraka. Haukuelekea nyumbani kwa mzee. Ulielekea mtoni.

"Amekwenda wapi?" Angetile akauliza mama mkwe aliporudi ndani, na kwa namna ile aliuliza bila kutaja mtu.

"Kuleta dawa yenu ile ya unga."

"Hajawahi kuiamini."

"Hajawahi," Tusekile akasema. "Amesema: yeye alinyamaza kwa ajili yangu."

Siku ya pili mtoto alishtuka-shtuka, akatulia, akaomba maji, na Angetile akaanza kutumaini. Alimwimbia polepole. Alihesabu siku: moja ya kwenda, moja ya kurudi kama mto utakubali. Siku ya tatu asubuhi, jua likiwa limetoka vizuri baada ya mvua na migomba inang'aa, Tuntufye alimtazama mama yake kwa muda mrefu kama mtu anayetaka kukumbuka jina, akafumba macho. Mwili wake ulichelewa kupoa. Angetile alimshika vile vile mpaka Tusekile alipomfungua vidole kimoja kimoja.

Walimzika siku ile ile, karibu na dada yake.

Mzee Mwakibinga alifika kesho yake adhuhuri. Mto ulikuwa umemshika siku nzima ng'ambo. Alisikia vilio kabla hajaiona nyumba, na kwa muda hakukohoa wala hakusogea. Kisha, kwa kuwa hawezi kusema na mkamwana wake, aliigeukia migomba, akasema na migomba kwa sauti ya kufika ndani.

"Nyie migomba, mwambieni mama wa mtoto kwamba nilifika. Waliniuliza mtoto ana uzito gani. Nikawaonyesha kwa mikono: hivi. Nikawaambia ni mzito kama mbuzi wa miezi miwili, nimemwona akikimbia. Wakanipa. Nimeibeba kichwani, haikulowa. Mwambieni haikulowa."

Angetile alikuwa mkekani ndani, amenyolewa nywele. Alisikia. Tusekile akatoka akapokea kifurushi, akakiweka juu ya chungu cha maji, na hakuna aliyekigusa.

Siku iliyofuata Veronika alisimama mlangoni. Hakuwa ameingia nyumba ile tangu siku ya Bwana Mizani isipokuwa mazishini. Alikuwa na Andrea mikononi, mdogo kidogo kuliko Tuntufye, na hakuna aliyehitaji kuambiwa Andrea ana nini. Meno ya mtoto yalikuwa yanagongana.

"Naogopa hata kukuomba," Veronika akasema. "Nimesikia mzee alileta. Najua si ya kwangu. Najua ilikuwa ya nani. Lakini mwalimu hayupo, na hata mkinipa sijui kiasi. Wanasema ukikosea inaua."

Tusekile akamtazama mkamwana wake. "Si lazima," alisema.

Angetile alinyoosha mkono, akapewa kifurushi. Kilikuwa kimefungwa kwa karatasi nene, na juu yake mtu wa kituo kikubwa alikuwa ameandika kwa wino. Ukumbi mdogo wa nyumba ulikuwa umejaa wanawake wa msibani. Nje, chini ya paa, wanaume walikuwa wamekaa kwenye magogo, na kati yao, upande wa pili wa ukuta wa mianzi, alikuwepo mzee. Angetile alikijua kikohozi chake. Alikuwa amekisikia tangu asubuhi.

Akasoma. Hakunong'ona.

"'Kwinini. Kwa mtoto wa miaka miwili. Chukua kwa ncha ya kisu, koroga katika maji kidogo. Asubuhi mara moja, jioni mara moja, siku tano. Usizidishe.'"

Nje mazungumzo yalikatika.

Ndipo Angetile alipojua amefanya nini, na katika kujua huko akatafuta ile hofu ya zamani, ile iliyomfunga kinywa. Akakuta mahali pake patupu. Hakuwa na mtoto tena wa kulipia.

Akaomba kisu. Akachota unga kwa ncha, akautazama kwenye mwanga wa mlango, akapunguza kidogo, akaukoroga. Veronika akambana mtoto pua. Andrea alimeza, akatema nusu, akapiga kelele kwa uchungu wa dawa, na Angetile akapima tena ile nusu, akamnywesha polepole kwa kidole.

Tusekile alikuwa ametoka. Alirudi, akasimama, akawa hajui aweke wapi mikono yake.

"Mzee anauliza," akasema, "ni nani aliyesoma."

"Mwambieni ni mimi."

"Nimemwambia. Anasema kumbe kusoma ndivyo kulivyo. Anaomba usome tena."

Angetile aliikunja karatasi juu ya unga uliobaki, pembe kwa pembe, kama alivyofundishwa na Ezra ili usimwagike, akamkabidhi Veronika.

"Mwambieni yamekwisha, mama," alisema. "Yalikuwa maneno machache tu." Akamwambia Veronika amlete mtoto jioni, jua likishuka kwenye migomba, asichelewe. Kisha akarudi mkekani akalala kuelekea ukuta.